Mimi na wifi yangu tumboni mwa Amboni

Watu wa Tanga wana msemo wao: waja leo, waondoka leo. Mwenzenu nilikwenda Tanga na nia hasa ya kuondoka leo, mji ukakataa.

Ilikuwa hivi, msomaji wangu. Nilimsindikiza wifi, mke wa kaka yangu mkubwa, kwenye arobaini ya shangazi yake kule Ngamiani. Shughuli ikaisha salama, pilau tukala, Jumatatu alfajiri tukabeba vibegi vyetu hadi stendi. Kufika pale, watu kama siafu! Shule zinafunguliwa, kila mzazi na mtoto wake na sanduku la bati. Mabasi ya Dar yamejaa yote. Tukaambulia siti za kesho yake, tukalipa, kisha tukajibwaga kwenye benchi la mama mmoja muuza chai kuhesabu kilichobaki. Mimi elfu kumi na nane. Wifi elfu ishirini na moja, na ndani ya hizo zimo za kununulia machungwa ya Muheza aliyoagizwa na mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi.

Basi tuko mji wa watu, siku nzima mbele yetu, elfu thelathini na tisa mkononi. Kurudi Ngamiani asubuhi ile maana yake ni kukaa mkekani na mashangazi waliobaki, na hao mashangazi wana swali moja tu kwa wifi yangu. Swali lenyewe unalijua. Mwanangu, mwaka wa sita huu wa ndoa, vipi?

Wifi akamgeukia mama wa chai. "Mama, hapa Tanga kuna mahali gani mtu anaweza kwenda asikute shangazi?"

Yule mama akacheka mpaka akaweka birika chini. "Nendeni mapangoni, wanangu. Kule giza tupu, hata shangazi akiwepo hamtamwona."

Safari yetu ya Amboni ikazaliwa hapo. Hakuna aliyeipanga, hakuna aliyeichangia. Mimi kuingia pangoni sijawahi tangu nizaliwe. Kidato cha pili mwalimu wa jiografia alituchorea pango ubaoni kwa chaki, na elimu yangu ya mapango ikaishia hapo.

DALADALA, VUMBI NA HADITHI

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kutoka Tanga mjini, upande wa barabara kuu inayokwenda Horohoro na Mombasa. Mwenye nacho anakodi teksi. Sisi tulipanda daladala, tukashuka njia panda, tukaacha lami na kushika njia ya vumbi ya kijiji cha Kiomoni. Vijana wa bodaboda walitupigia honi mpaka wakachoka. Wifi akawaambia, "Wadogo zangu, mkituona tunatembea mjue tunapenda mazoezi." Pesa haikuwepo, lakini heshima ilikuwepo.

Njiani tulikuwa tunakumbushana yale tuliyoyasikia. Mama wa chai alikuwa ametupa hadithi za bure pamoja na chai. Kwanza, kwamba pango la Amboni linatokea Mombasa. Pili, kwamba linafika mpaka Mlima Kilimanjaro, na zamani Wazungu wawili waliingia na mbwa wao wakapotea kabisa, mbwa akaja kuonekana huko Kilimanjaro peke yake. Tatu, kwamba humo ndimo alimojificha Osale Otango, yule mtu aliyewasumbua walowezi na polisi wa Mwingereza katika miaka ya 1950. Kwa serikali ya wakati ule Otango alikuwa jambazi. Kwa simulizi za Tanga alikuwa akichukua kwa matajiri na kuwapa wanyonge, na polisi wakija anageuka mbuzi, au ua, au mwanamke aliyebeba kuni. Anayesimulia ndiye anayechagua.

Kuna na hadithi ambayo si ya zamani wala ya kuchekesha. Februari 2015 vyombo vya ulinzi vilipambana kwa risasi na watu wenye silaha katika eneo la Amboni, na askari mmoja akapoteza maisha. Wakati ule jina la Amboni lilitajwa redioni kila siku, na watu wengi wa Dar tangu hapo wakisikia Amboni wanashika kifua. Wifi alinikumbusha hilo tukiwa tayari tumeshatembea nusu ya njia. Nikamuuliza mbona hakusema tukiwa stendi. Akajibu, "Stendi kulikuwa na chai."

KUINGIA

Tulipofika getini tukakuta utaratibu wa kiserikali kabisa: kitabu cha wageni, risiti na mwongozaji. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na asikwambie mtu, siku hiyo niliupenda uraia wangu. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole, ana tochi kubwa na viatu vilivyochoka. Akatazama miguu yetu. Mimi nimevaa raba. Wifi amevaa kandambili za msibani.

"Dada, hizo zitakuangusha."

Wifi akazivua, akazitia kwenye mkoba. "Nimekulia kijijini mimi. Twende."

Kabla ya kuingia akatupa somo, nami nakupa kwa ufupi. Jiwe la Amboni ni jiwe la chokaa, na umri wake unahesabiwa kuwa zaidi ya miaka milioni 150, enzi ya Jurasiki, wakati sehemu hii ilipokuwa chini ya bahari. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni, yakawa na ukali kidogo kama wa siki iliyochujuka sana. Ukali huo mdogo, ukipewa muda, unakula jiwe la chokaa. Ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa chumba. Ndivyo pango linavyochimbwa, bila sururu wala baruti. Mto Mkulumuzi unapita karibu pale, na jiwe la eneo zima limetoboka. Mapango yamehesabiwa kumi, lakini linalotembelewa na wageni ni moja tu.

Kampuni ya Amboni Limited, iliyokuwa na mashamba ya mkonge eneo hilo, iliyachukua mapango haya mwaka 1922 na kuijulisha serikali ya Mwingereza, nayo ikayawekea ulinzi. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi yanasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Basi tukaingia. Hatua ishirini za kwanza mwanga wa nje bado unakufuata, unajiona shujaa. Ukikata kona ya kwanza, mwanga unakuaga. Hewa inabadilika, inakuwa nzito na yenye harufu ya popo. Nakwambia, harufu ya popo haielezeki gazetini. Juu yetu kulikuwa na sauti kama watu mia wananong'onezana. Mwongozaji akamulika dari: popo, wamejipanga wakining'inia kama nguo kwenye kamba. Akasema wanalala mchana na jua likizama wanatoka kwa maelfu kwenda kutafuta chakula. Mimi nikasema polepole, "Walale tu."

Kuna vyumba humo virefu kwenda juu hata mita 13. Unasimama katikati kama uko msikitini au kanisani, sauti yako inakurudia. Halafu kuna vichochoro. Ee bwana, vichochoro! Sehemu moja unainama, sehemu nyingine unapiga magoti, na ipo sehemu moja ya kutambaa kwa tumbo kama nyoka. Mwongozaji alipita kama maji. Wifi akapita. Ikafika zamu yangu, mwenzenu niliyejaaliwa nyonga. Kichwa kikapita, mabega yakapita, safari ikasimama.

"Wifi, nimekwama!"

"Toa pumzi."

"Nikitoa pumzi nitakufa!"

"Usipotoa utakaa humo mpaka Mombasa."

Nikatoa pumzi, nikajisukuma kwa vidole vya miguu, nikatoka upande wa pili na vumbi hadi kwenye meno. Wote wawili walikuwa wanacheka. Moyo unanidunda kama ngoma ya mdumange, lakini nilipokaa chini nikajikuta na mimi nacheka. Ile raha ya kupita mahali ulipoamini hupiti haiuzwi dukani.

MAWE YENYE SURA

Ndani zaidi kuna mawe yaliyochongwa na maji. Mengine yananing'inia kutoka darini kama chuchu, hayo wataalamu wanayaita stalaktiti. Mengine yanaota kutoka chini kama kichuguu, hayo ni stalagmiti. Tone la maji likishuka linaacha kichokaa kidogo sana, jingine linafuata, na jingine. Jiwe la sentimita moja linaweza kuchukua zaidi ya miaka mia kukua. Kwa hiyo lile lililonifika kiunoni lilianza kabla babu ya babu yangu hajazaliwa. Ndiyo maana wanakataza kuyashika: mafuta ya mkono yakikaa juu ya jiwe, kichokaa hakishiki tena na jiwe linakoma kukua. Umeligusa sekunde moja, umelikatisha kazi ya karne.

Mwongozaji alimulika moja baada ya jingine na kutuonyesha sura. Huyu mamba. Hii meli. Huyu tembo. Yule Bikira Maria. Hapa Kilimanjaro. Kuna na mengine mawili yenye umbo la mwanamume na la mwanamke, akayapitisha tochi haraka kwa adabu, na wifi akasema, "Rudisha tochi, kaka, sisi ni watu wazima."

Nikamuuliza kuhusu Mombasa na Kilimanjaro. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara elfu. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango mwaka 1994, akasema, na refu kuliko yote likaonekana lina kama mita 900. Mita 900, msomaji! Huo ni mwendo wa kutoka nyumbani kwenda sokoni. Kwa hiyo mbwa wa Wazungu, kama alikuwepo, alifika Kilimanjaro kwa usafiri mwingine.

Halafu akatuomba tuzime tochi za simu. Naye akazima yake.

Mimi nimekulia mtaa unaokatiwa umeme, giza nalijua. Nakuapia sikuwa nalijua. Giza la nyumbani lina nyota, lina kibatari cha jirani. Hili ukinyanyua mkono mbele ya macho hauoni mkono, na baada ya muda unaanza kutilia shaka kama huo mkono unao. Tukasikia tone moja la maji mbali. Nikawakumbuka wale vijana 12 wa timu ya mpira wa kule Thailand na kocha wao, waliozibiwa na maji ya mvua ndani ya pango la Tham Luang mwezi Juni 2018, wakakaa humo zaidi ya wiki mbili kabla ya wote kutolewa hai, na mzamiaji mmoja akafa katika kuwaokoa. Niliisoma habari ile nikiwa kitandani na shuka. Kuisoma ni kitu kingine.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Nafikiri na wao walipita Amboni.

PALE PENYE UBANI

Tochi ilipowashwa tena tukafika mahali ambapo mwongozaji alipunguza sauti. Kwenye kona ya jiwe kulikuwa na chupa za marashi, vipande vya kitambaa, sarafu na kichungu cha ubani. Panaitwa kwa mzimu wa Mabavu. Tangu enzi na enzi Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Wasegeju wamekuwa wakija kuomba humu: mvua, afya, riziki. Na uzazi.

Neno hilo alilitamka kama alivyotamka mengine, hakujua lolote. Mimi nikaangalia miguu yangu. Wifi akasogea, akachuchumaa karibu na zile chupa, akazitazama bila kuzigusa.

"Wanakuja wengi?" akauliza.

"Wanakuja, dada. Wa dini zote."

"Na wanaume?"

"Wanaume wanakuja kuomba kazi, biashara. Ya mtoto mara nyingi anaingia mwanamke. Mume anamsubiri nje."

Wifi akainuka, akakung'uta magoti. "Kumbe hata hospitali wameiga huku," akasema.

Mwongozaji akacheka kwa heshima. Mimi sikucheka.

Tulipotoka nje jua lilitupiga usoni kama kofi. Tukakaa chini ya mti, wifi akavaa kandambili zake, tukanywa maji ya chupa kwa zamu. Hapo ndipo aliponiambia. Kwamba amepimwa, na si mara moja. Kwamba daktari hakuona tatizo kwake, akamwandikia kwenye kadi aje na mumewe. Kwamba ile kadi iko kwenye droo ya kabati lao tangu mwaka jana, chini ya hati ya kiwanja, na kaka yangu amesema yeye ni mzima, haumwi popote, apimwe nini?

Mimi ni mtoto wa nyumba ile. Vikao vya suala la wifi nimeviona, vya jikoni na vya sebuleni. Dawa za mitishamba nimeziona zikichemka. Kadi hiyo sijawahi kusikia ikitajwa hata siku moja.

"Kwa hiyo pale pangoni ulikuwa unawaza nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nawaza wale waliozileta zile chupa. Wangapi kati yao hawakuwa na tatizo lolote."

Basi akasimama, akasema machungwa yatauzwa yaishe, tuondoke.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kuuliza kwa watu wanaojua. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba duniani mtu mzima mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Na tatizo linaweza kuwa la mwanamume, la mwanamke, au la wote wawili. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote, misuli yote, hajawahi kuugua hata malaria, na mbegu zake zikawa chache au dhaifu. Kwa macho haionekani. Kipimo chake cha kwanza ni rahisi, hakina kisu, na mara nyingi kinachopatikana kinatibika au kinapata ushauri. Ndiyo sababu daktari anataka waje wawili.

UKITAKA KWENDA

Nimeona nikuachie na ya kukusaidia, maana safari yetu yote, nauli ya daladala, kiingilio cha watu wawili, maji na mihogo ya kukaanga njiani, haikufika elfu thelathini. Starehe za Dar zinakula hiyo kabla ya saa nne usiku.

Kwanza, viatu. Vaa raba zenye meno, usimuige wifi. Pili, tochi. Simu ichajiwe ijae, yangu ilibaki asilimia sita tulipotoka. Tatu, nguo ambayo ikichafuka hutalia. Nne, usiingie bila mwongozaji hata kama unajiona Osale Otango, na usiende wakati mvua zimeshika. Tano, mwenye pumu, presha au anayeogopa mahali pa kubana amwambie mwongozaji mapema, vile vichochoro havina mlango wa dharura. Sita, usishike mawe, na kwenye vitu vya mzimu usiguse wala usicheke. Unaamini huamini, ni dua za watu.

Ukibakiwa na muda, karibu na hapo kuna chemchemi za maji moto ya salfa zinazoitwa Galanos, kwa jina la Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya mkonge. Sisi muda haukutosha.

Jumanne tulifika Dar na kapu la machungwa. Mama akayahesabu, akaridhika, akauliza habari za mashangazi. Wifi akasema wazima wote, wanasalimia.

Kuandika haya amenipa ruhusa mwenyewe, kwa sharti moja: nisitaje jina lake wala la mumewe. Sharti nimelitimiza. Ila kaka yangu hununua gazeti hili kila wiki kwa ajili ya kurasa za mpira, na akimaliza mpira husoma na mengine. Kaka, kama umefika mstari huu, droo ni ile ya kabati, chini ya hati ya kiwanja. Mimi nilikwama kichochoroni nikapita, na wewe utapita. Toa pumzi tu.